Magunia 33 ya Kwenda Kaskazini

Baba alipoambiwa jumla ya safari, hakuuliza ni shilingi ngapi. Aliuliza ni magunia mangapi. Huku kwetu Kachibora, Trans Nzoia, mkulima wa mahindi hupima hivyo kila kitu, iwe karo, mabati au bili ya hospitali. Nikashika kalamu. Ukihesabu gunia la kilo 90 kwa 3,500, mpango wetu wa kwanza wa siku nne Turkana, uliofika shilingi 116,000, ulikuwa magunia 33. Mzee akanyamaza, akautazama Masaba, yaani Mlima Elgon, anaouona kila asubuhi tangu alipozaliwa upande wa Bungoma, halafu akasema, "Hiyo ni ekari nzima na zaidi, mwanangu. Mnataka tuile barabarani?"

Swali lilinikaa rohoni wiki nzima, nami nikaona ana haki ya kujibiwa kwa hesabu iliyo kamili. Makala haya yametoka kwenye hesabu hiyo. Tuko watoto wanne, mmoja yuko Doha, wawili Nairobi, na mimi niliyebaki nyumbani. Tulikubaliana kila mmoja atoe 6,000 kwa mwezi kwa miezi mitano, tupate 120,000, tuwape wazazi safari ya kaskazini. Baba ana miaka 74, Mama 69. Tumeshawapa tangi la maji, blanketi na ng'ombe wa maziwa. Vyote hivyo vilikuwa zawadi, lakini kila kimoja kiliwaongezea kazi. Tangi husafishwa, na ng'ombe hukamuliwa saa kumi na moja alfajiri. Safari tuliitaka kwa sababu ingekuwa kitu cha kwanza wasichopaswa kukilisha wala kukifuta vumbi.

Wengi tunaokaa Trans Nzoia hatujui kwamba tumeketi mlangoni mwa kaskazini. Mtu wa Nairobi akitaka kwenda Turkana kwa barabara kwa kawaida huja kwanza kwetu, zaidi ya kilomita 380 hadi Kitale, ndipo aanzapo kuteremka. Sisi tunaanzia hapo anapofikia amechoka. Na bado, tulipoanza kuulizia bei, kampuni zote tatu tulizozipigia zilitaka wazee waende kwanza Nairobi. Tangazo linasema, tuseme, "shilingi 38,000 kwa mtu". Mtoto mwenye furaha huzidisha kwa mbili, akaona 76,000, akatuma malipo ya awali. Nimejifunza kusoma tangazo la namna hiyo polepole kama mtu asomaye hati ya shamba.

"Kwa mtu" maana yake ni mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake. Ukiwasindikiza wazazi, na kwa umri wao lazima mmoja wenu awasindikize, wewe utalala peke yako, na chumba cha mtu mmoja huongezewa ada. Safari inaanzia Nairobi, kwa hiyo nauli ya kutoka Kachibora na kurudi, pamoja na usiku wa kulala Nairobi kabla ya kuondoka alfajiri, ni juu yenu. Kiingilio cha hifadhi mara nyingi kimeachwa nje, sawa na vinywaji, mashua na bakshishi ya dereva. Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Uliza pia neno "milo": ni kiamshakinywa tu, ni chakula cha jioni pamoja na cha asubuhi, au ni milo yote mitatu? Kwa mgonjwa wa presha anayekunywa dawa pamoja na chakula, chakula cha mchana kilichoachwa nje ya bei ni jambo zito.

Kisha uliza leseni. Kampuni ya utalii Kenya hutakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Ukiambiwa utume pesa kwenye nambari ya simu ya mtu badala ya paybill au till yenye jina la kampuni, simamisha mazungumzo hapo hapo. Kampuni moja kati ya tatu ilitufanyia hivyo. Sauti ya kijana wao ilikuwa ya upole sana, na dada yangu wa Doha alikuwa tayari kutuma.

Baada ya kuziacha kampuni, tuliweka meza moja ya vipimo na kupitisha kila safari hapo. Petroli tuliipa 180 kwa lita. Gari la familia la kukodi, 7,000 kwa siku. Dereva, 2,500 kwa siku, hapo akiwa amejilipia chakula na malazi. Chumba, 5,000 kwa usiku. Chakula, 1,500 kwa kila mmoja wetu watatu kwa siku. Haya ni makisio tuliyojiwekea ili safari zote zipimwe kwa kibaba kimoja. Bei mpya ya mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, nawe utaweka yako. Kipimo cha mwisho hakikuwa cha pesa. Tulihesabu saa ambazo Mama angekaa kitini bila kunyoosha magoti.

Samburu ilianguka kwa kipimo hicho. Ndiyo safari ya kaskazini inayotangazwa zaidi, na sifa zake ni za kweli. Kuna mto Ewaso Nyiro, ndovu, choroa, swala twiga anayesimama kwa miguu miwili kula majani, na punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba ambaye kusini ni nadra. Lakini kutoka Kachibora unapitia Eldoret, Nakuru, Nyahururu, Nanyuki na Isiolo, zaidi ya kilomita 500 kwenda peke yake. Ndani ya hifadhi unahitaji gari la magurudumu manne, tulilolikadiria 12,000 kwa siku. Siku tano ni 60,000. Kilomita 1,300 kwa gari linalokwenda kilomita saba kwa lita ni lita 186, yaani karibu 33,500. Dereva 12,500. Hapo umeshapita 105,000 na hakuna aliyelala wala kula. Mzee anayeishi Meru au Nyeri ndiye mwenye haki ya kufurahia Samburu kwa bei nafuu. Kwetu sisi ni mbali, na siku mbili kati ya tano zinaishia dirishani.

Kidepo, kule Uganda, tuliipenda kwenye picha. Mpaka wa Suam uko karibu nasi na kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia. Ila gari linahitaji bima ya kuvuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA, na mwendo wa kuzunguka Mlima Elgon hadi Karamoja ni mrefu kwa wazee. Tuliiacha bila kuigombania.

Ndege nayo ilitushawishi kwa siku mbili. Ndege za abiria zinatua Lodwar kutoka Nairobi, na angani mtu mzima hachoki. Lakini kwa mtu wa Kachibora hiyo ni kusafiri kusini siku nzima ili uruke kaskazini, na tiketi mbili tu za kwenda na kurudi zilizidi bei ya mafuta ya gari zima. Tena ukishuka Lodwar huna gari. Ndege inamfaa mtoto wa Nairobi mwenye mzazi asiyeweza kabisa kukaa garini. Ikiwa mzazi wako ana mgongo mbovu, usibishane na bei, mkatie tiketi.

Ikabaki barabara yetu ya A1, Kitale hadi Lodwar, takriban kilomita 300. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mpango ulipogeuka.

Mpango wa kwanza niliuchora peke yangu, nikitazama picha. Lengo lake lilikuwa Eliye Springs, ufukwe wa magharibi wa Ziwa Turkana wenye mikoma na chemchemi za maji matamu zinazobubujika mchangani, hatua chache kutoka ziwa la magadi. Ziwa lenyewe ni kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani yasiyokauka, kilomita za mraba zipatazo 6,400. Wazungu walioliona mwaka 1888 walilipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na likabaki nalo hadi 1975. Hesabu ilikuwa hivi: gari siku nne, 28,000, dereva 10,000, kilomita 900 pamoja na kuzunguka kwa gari la kilomita tisa kwa lita, lita 100, yaani 18,000, vyumba viwili usiku tatu, 30,000, chakula 18,000. Halafu njia ya mwisho kutoka Lodwar hadi Eliye ina mchanga unaozamisha magari madogo, kwa hiyo Land Cruiser ya kukodi huko huko, 12,000. Jumla 116,000. Magunia 33. Zilibaki 4,000 za dharura, na hiyo si dharura, hiyo ni pancha moja na soda.

Mashua ya kwenda Kisiwa cha Kati haikuwamo. Kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa yenye maziwa matatu ndani ya vinywa vya volkano, na mamba huzaliana humo kwa wingi. Pamoja na hifadhi ya Sibiloi, kiko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1997, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa baadaye. Kaka yangu alitaka sana wazee wakione. Nilimkumbusha habari za upepo. Upande wa pili wa ziwa hilo, karibu na Loiyangalani, kumesimikwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, na hakuna aliyeiweka pale kwa kubahatisha. Mawimbi ya Turkana huinuka ghafla, na mashua nyingi ni za wavuvi. Mtu wa miaka 74 asiyejua kuogelea sitampakia humo kwa ajili ya picha. Ukiwa na wazazi wenye nguvu, lipia mashua yenye jaketi za kuokolea kwa kila abiria na uzihesabu kabla ya kupanda.

Basi nikarudi kwa Baba na swali ambalo nilipaswa kuanza nalo. "Mzee, kaskazini ungependa kuona nini?"

Hakufikiri. "Kapenguria. Pale walipomfunga Mzee Kenyatta."

Baba alizaliwa 1951. Kesi ya Kapenguria ilipoanza mwishoni mwa 1952 alikuwa mtoto wa mgongoni, na alikua akisikia wakubwa wakiyataja majina sita kama watu wanaotaja koo: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko. Hukumu ya miaka saba ya kazi ngumu ilitolewa Aprili 1953. Serikali ya kikoloni ilichagua Kapenguria kwa sababu ilikuwa eneo lililofungwa, lisiloingiwa bila kibali, mbali na umati. Wafungwa wakapelekwa Lokitaung, juu kabisa ya Turkana, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Ikanijia kwamba barabara niliyokuwa naihesabu kwa lita inaelekea huko huko walikopelekwa. Baba ameishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwenye seli hizo maisha yake yote ya utu uzima, na hajawahi kuziona. Leo ni jumba la makumbusho, seli zimehifadhiwa, na kiingilio chake ni pesa ambayo hata bajeti yetu haikuisikia.

Nikamgeukia Mama. Yeye aliendelea kuchambua maharagwe, nikadhani hatajibu. Kisha akasema, "Mimi nataka kuona samaki wanakotoka."

Tangu niko mdogo Mama hununua samaki wakavu sokoni Kitale kutoka kwa akina mama wanaoteremsha vifurushi kwenye malori ya Lodwar. Kwa miaka arubaini amewapika samaki wa ziwa asilolijua. Na samaki hao hawatoki Eliye ya watalii. Wanatoka Kalokol, kwenye Ghuba ya Ferguson, kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Kuna barabara ya lami ya zamani, imechakaa lakini gari la kawaida lenye dereva mwangalifu hufika. Hapo Kalokol kuna kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi siku chache tu, kwa kuwa kugandisha samaki kwenye joto lile kulikula pesa kuliko samaki wenyewe. Wanawake wanaopasua samaki na kuwaanika juani wangali wapo, na Mama ndiye mnunuzi wao. Nilipomweleza habari hiyo aliacha maharagwe akacheka, akasema, "Jua ni la bure."

Ombi lake likafuta Land Cruiser. Ile 12,000 ikawa akiba ya dharura, sehemu ya kumi ya pesa zote, ambayo sasa naiona ni lazima kwa safari yoyote ya wazee. Matumizi yakabaki 104,000, akiba 12,000, na 4,000 juu. Magunia ni yaleyale 33, lakini sasa yana kazi.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna mambo matatu ambayo hayamo kwenye tangazo lolote, na kila moja lingeweza kuvunja safari.

La kwanza ni mwili. Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Lodwar iko chini ya nusu ya kimo hicho, kama mita 500. Wazee waliozoea sweta asubuhi watashuka katika joto la nyuzi 35 na zaidi. Baba anameza dawa ya presha inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara, na dawa ya namna hiyo kwenye joto kali humkausha mtu asijue. Nilimpeleka kliniki mwezi mmoja kabla, tukaelezwa kiasi cha maji, na wote wawili wakaandikiwa dawa ya kukinga malaria, kwa kuwa bonde lile si kama huku kwenye baridi. Lodwar ina hospitali ya rufaa ya kaunti. Kwa anayetaka ulinzi zaidi, AMREF Flying Doctors huuza bima ya mwaka ya kubebwa na ndege ya wagonjwa. Mimi ningeikata hiyo kabla ya kulipia chumba chenye kiyoyozi. Ila kiyoyozi nacho, Lodwar, kwa mzee, si anasa. Nimeandika kwenye bajeti "feni inayofanya kazi au AC", na kila nyumba ya wageni niliyoipigia nimeuliza kama wana jenereta usiku.

La pili ni usalama na njia. Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, kuwa zenye vurugu na hatari, na wanajeshi wakaungana na polisi kuwasaka wezi wa mifugo. Kipande cha Kainuk kuelekea Lokichar ndicho ambacho madereva wengi hukitaja. Watu husafiri kila siku, mabasi na malori ya mafuta, nami siwezi kumtisha mtu asione Turkana. Lakini kanuni yetu iko wazi: Kainuk tunapita mchana, na jioni ya kabla ya kuondoka nitakwenda steji ya Kitale kuwauliza madereva wa Lodwar, siyo intaneti, hali ya njia wiki hiyo. Wakisema subiri, tunasubiri. Ndiyo maana tulikataa chumba chochote kinachodai malipo kamili yasiyorudishwa. Chumba cha bei ya juu kidogo kinachokubali kubadilishiwa tarehe ni nafuu kuliko cha bei ya chini kinachokulazimisha kuendesha gari siku usiyoipenda.

Mvua nayo ihesabiwe. Novemba 2019 milima ya Pokot Magharibi iliporomoka usiku, ikaua makumi ya watu, na maji yakasomba madaraja ya barabara hii hii ya Lodwar. Anayepanga Aprili au Novemba kwa sababu bei zimeshuka ajue kwa nini zimeshuka.

La tatu ni shamba. Hapa watoto wa mjini hukosea zaidi. Huwezi kumpa mkulima wa Trans Nzoia safari ya Machi, anatafuta mbegu na mbolea. Hutampata Mei, anapalilia. Oktoba hadi Desemba anavuna, anakausha, anapigania trela na kuangalia bei ya Bodi ya Nafaka. Ukimng'oa hapo, mwili utakuwa Lodwar na roho iko kwenye turubai la mahindi. Kuna nafasi mbili tu, katikati ya Januari hadi Februari, na Agosti. Agosti kuna joto nafuu kidogo huko chini lakini wajukuu wamefunga shule na kila gari lina mteja. Januari ni kavu, gari ni rahisi kupatikana, na mahindi yameshaingia ghalani. Tulichagua Januari. Tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar ni zuri kwa anayependa ngoma na mavazi, ila wakati wake vyumba hujaa na bei hupanda, kwa hiyo lipangie mapema au liepuke.

Kabla ya kufunga daftari, nikapima na safari ya nne, ambayo aliitaja dada wa Nairobi kwa aibu kidogo, kana kwamba ni uchoyo: kubaki nyumbani. Siku ya kwanza Saiwa Swamp, siku ya pili Mlima Elgon, kila jioni wazee wanalala kitandani kwao. Gari siku mbili 14,000, dereva 5,000, kilomita 250 ni lita 28 za petroli, yaani 5,000, chakula 9,000. Jumla 33,000, ukiacha viingilio. Magunia tisa na nusu.

Ninaisema hii kwa moyo wote: kwa wazazi wengi wa eneo hili, hii ndiyo zawadi iliyo sawa. Saiwa ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba tatu hivi, iliyotangazwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa wa majimaji mwenye kwato ndefu zilizopanuka asizame kwenye matope. Ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Kuna njia za mbao juu ya kinamasi na majukwaa ya kutazamia, na ukifika mapema asubuhi ukakaa kimya utamwona nzohe akitoka kwenye matete, na juu ya miti kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe. Mzee wa fimbo anaweza kukaa jukwaani saa mbili bila mtu kumharakisha. Elgon inakupa msitu, mandhari ya mbali hadi Cherangani, na mapango ambayo ndovu huingia kuchimba chumvi. Wageni wawili waliotembelea Pango la Kitum, mmoja 1980 na mwingine 1987, waliugua ugonjwa wa virusi vya Marburg wakafa. Lina popo wengi, nami wazee wangu wangelitazama kutoka nje. Kuhusu viingilio, hifadhi hizi ziko chini ya KWS na malipo hupitia eCitizen. Kanuni za ada za 2025, zilizopingwa mahakamani, ziliandikwa zikimwachia Mkenya aliyepita miaka 70 aingie bure. Kwa hiyo itazame ada siku ile ile unayolipa, na mzee abebe kitambulisho chake halisi, siyo picha kwenye simu.

Ningekuwa na mzazi anayepumua kwa shida, au mwenye sukari isiyotulia, au tungekuwa na 40,000 badala ya 120,000, nisingeiangalia Turkana mara mbili. Ningempeleka Saiwa alfajiri na chupa ya chai. Na mtoto aliye ughaibuni anayetuma pesa bila mtu wa kuwasindikiza wazee, naye achague Saiwa, kwa sababu Turkana bila mtoto garini ni kuwakabidhi wazazi kwa dereva.

Lakini Baba anatembea vizuri, na aliposikia neno Kapenguria alikaa wima. Siku tumezigawa hivi. Siku ya kwanza ni saa tatu hivi za gari tu: asubuhi Kapenguria, seli na picha za wale sita, bila kuharakishwa, kisha tunateremka kati ya milima hadi Marich na kulala hapo karibu na mto, joto likiwa nafuu kuliko la Lodwar. Siku ya pili tunavuka Kainuk kabla ya jua kukolea na kufika Lodwar mchana, walale. Jioni, kama miguu inakubali, sanamu ya Kristo iliyo juu ya kilima cha Lodwar, kwa ajili ya Mama. Siku ya tatu Kalokol na ziwa, kurudi Lodwar kulala. Siku ya nne ndiyo ndefu, karibu kilomita 330 hadi nyumbani, na tutaondoka kungali na giza kidogo mjini ili jua litukute tumesogea.

Jumatatu nilirudi kwa Mzee na karatasi. Nilimwonyesha magunia 33 yalivyogawanyika: manane ya gari, matano na kidogo ya petroli, karibu matatu ya dereva, manane na nusu ya vyumba, matano na kidogo ya chakula, na matatu na nusu ya akiba ambayo yatarudi ghalani yasipoguswa. Alipitisha kidole kwenye kila mstari. Kwenye mstari wa dereva akasimama, akauliza kama huyo kijana amewahi kufika Lodwar. Nikasema amefika mara nyingi. Akaendelea. Mwishoni akaona ile 4,000 isiyo na jina, akauliza ni ya nini.

Mama alijibu kutoka jikoni, kabla sijafungua mdomo. Ni ya samaki, alisema, na tuhakikishe gari lina nafasi ya vikapu viwili.

Baba akachukua kalamu yangu, akaandika "samaki" kwa herufi zake kubwa za zamani, akapiga mstari chini yake.